Mtoto akichora, mwenye maana ni yeye: tiba ya sanaa na watoto wetu wa Nairobi

Mwalimu wa Gredi ya Nne (mwanzisha uzi)

Wanajukwaa, salamu kwenu nyote. Ninafungua uzi huu kwa sababu wazazi na walimu wenzangu wamekuwa wakiniuliza sana jinsi ya kutumia uchoraji kumsaidia mtoto mwenye huzuni, hofu, au ukimya ambao haueleweki, na pia kwa sababu nimeona michoro ya watoto ikisambazwa katika vikundi vya WhatsApp pamoja na maelezo ya uhakika mno kuhusu maana ya kila rangi na kila mstari. Mimi ni mwalimu katika shule moja ya Eastlands. Tangu Mei 2024 nimekuwa nikikutana na watoto wapatao kumi kila Jumamosi asubuhi katika ukumbi wa kanisa karibu na Mathare, tukichora na kufinyanga. Sijasomea tiba ya sanaa. Nimepata mafunzo mafupi ya ushauri nasaha, na kazi yangu husimamiwa na mshauri aliyesajiliwa ambaye huniita kando kila ninapopotoka.

Nitaanza na siku nilipopotoka, kwa maana hapo ndipo nilipojifunza jambo lililonifanya niandike.

Mnaikumbuka mvua ya mwaka ule. Mwishoni mwa Aprili mito ilivunja kingo, Mathare na Mukuru zikapata hasara kubwa, na shule zikachelewa kufunguliwa hadi tarehe 13 Mei. Serikali ikaamuru waliokuwa wakiishi ndani ya mita 30 kutoka mtoni wahame, kisha matingatinga yakaja. Miongoni mwa watoto wangu wa Jumamosi alikuwamo mvulana wa miaka tisa. (Mama yake ameniruhusu nisimulie, na nimebadilisha mambo madogo ili asitambulike.) Kila wiki alichora nyumba ileile: mabati yenye mistari ya kusimama, mlango mmoja, kamba ya nguo, na jerikeni la manjano kando ya kizingiti. Alipomaliza, aliichukua krayoni nyekundu akachora X kubwa juu ya ukuta, akikandamiza mpaka nta ikarundikana na karatasi ikachanika.

Mimi ambaye husahihisha madaftari zaidi ya arobaini kwa siku, niliiona ile X kama alama ya kosa. Nilimwambia, kwa nia njema kabisa, kwamba mchoro wake ni mzuri na hana haja ya kuukata. Wiki ya pili nikaandika katika daftari langu kwamba huenda mtoto huyu anaichukia nyumba yao, na kwamba huenda kuna ugomvi nyumbani. Wiki ya tatu msimamizi wangu alisoma maandishi hayo akaniuliza swali moja tu: "Umemuuliza?"

Sikuwa nimemuuliza. Jumamosi iliyofuata niliketi kando yake, si mbele yake, nikamwambia anieleze habari za ile alama. Bila kuinua macho alinijibu kwamba walikuja watu na kopo la rangi wakaipaka ukutani, na siku chache baadaye nyumba ikabomolewa. Sisi wakazi wa Nairobi tunaifahamu vizuri alama hiyo inayopakwa kwenye majengo yanayosubiri kubomolewa, lakini mimi, nikiwa na kalamu nyekundu mfukoni, sikuifikiria. Kisha akaniuliza: "Mwalimu, nyumba yetu ilikosea nini?"

Kumbe naye alikuwa ameziunganisha X mbili, ya ukutani na ya daftarini, akahitimisha kwamba nyumba yao ilisahihishwa ikaonekana ni kosa. Alikuwa amelibeba swali hilo kwa wiki nyingi. Mama yake hakulijua, wala mimi sikulijua, na lisingejulikana kama ningeendelea kusoma mchoro wake kwa macho yangu.

Hilo ndilo ninalotaka tulijadili. Mchoro wa mtoto si barua iliyoandikwa kwa fumbo ili mtu mzima mwerevu aifumbue. Ni mahali anapoweza kuliweka jambo nje ya kifua chake, likakaa juu ya meza, akalitazama, na akitaka, akalisema.

Kwa wasioifahamu, jina la tiba ya sanaa lilianza kutumiwa na mchoraji Mwingereza Adrian Hill mwaka 1942. Alikuwa amelazwa hospitalini akiugua kifua kikuu, akagundua kwamba kuchora kulimpa nguvu ya kuvumilia siku ndefu za kitandani, akaanza kuwashirikisha wagonjwa wengine. Huko Marekani Margaret Naumburg alikuwa akiifanya kazi ya namna hiyo na watoto katika miaka hiyohiyo ya 1940, akiitazama picha kama njia ya kuyaleta nje yale ambayo maneno hayajayafikia. Leo ni taaluma kamili yenye mafunzo ya chuo kikuu, na Uingereza jina la kazi hiyo linalindwa na sheria, kiasi kwamba mtu hawezi kujiita mtaalamu wa tiba ya sanaa bila kusajiliwa. Tunachokifanya wengi wetu katika madarasa na kumbi za makanisa ni sanaa ya kumtuliza na kumsikiliza mtoto. Ina thamani yake, ila tusiipe jina lisilo lake.

Kwa nini imsaidie mtoto? Sababu moja naiona kila Jumamosi. Mtoto wa Eastlands huongea Sheng na wenzake, Kiswahili na jirani, lugha ya mama na nyanya yake anapokwenda ushago, na Kiingereza mbele ya mwalimu, na kila mahali kuna mtu wa kumwambia amekosea kusema. Mwulize anajisikiaje, atakujibu "niko sawa," kwa sababu hilo ndilo jibu lisilo na makosa. Kwenye karatasi hakuna sarufi ya kumwaibisha. Sababu ya pili ni kwamba hofu kubwa mara nyingi hukaa katika kumbukumbu kama picha, sauti na mapigo ya moyo, si kama hadithi iliyopangika, kwa hiyo mkono humwezesha kuanza pale ambapo ulimi umekwama. Ya tatu, ambayo nadhani tunaipuuza, ni uwezo wa kuamua. Mtoto aliyehamishwa, aliyefiwa au aliyepigwa hakuulizwa lolote. Hapa anaamua rangi, anaamua ukubwa wa mlango, na akitaka anaichana karatasi, na hakuna anayemgombeza.

Vifaa visiwe kisingizio. Tunatumia karatasi zilizochapwa upande mmoja tunazopewa na duka la kutoa nakala, vipande vya krayoni, mkaa wa jikoni, na udongo mweusi wa upande wa Embakasi, ule unaonasa viatu wakati wa mvua. Watoto wenye hasira huupenda sana udongo huo, kwa sababu unaweza kuupiga, kuubamiza na kuunyonga, kisha ukatulia ukawa bakuli.

Jambo lililo gumu zaidi ni mwenendo wetu sisi watu wazima. Saa ni ileile, mahali ni palepale, na tunaanza kwa kikombe cha uji. Hatumpi mtoto alama, ingawa mwanzoni kila mmoja aliniuliza, "Mwalimu, utaniwekea ngapi?" Hatusemi "ni mzuri sana," maana wiki ijayo atachora kinachokufurahisha wewe. Hatuulizi "hiki ni nini?" kwa sababu swali hilo humwambia kwamba mchoro haueleweki. Tunasema, "Nieleze habari za mchoro wako," au tunataja tu tunachokiona: "Naona umetumia kijani kingi upande huu." Kisha tunanyamaza. Kunyamaza ndiko kulikonichukua muda mrefu zaidi kujifunza, kwa sababu mwalimu amezoea kuujaza ukimya kwa maelezo.

Mwisho wa kipindi kila mtoto anaamua mchoro wake uende wapi: nyumbani, katika faili lake, au katika pipa la taka. Faili lina namba, halina jina. Mwaka jana wageni waliotutembelea kwa ajili ya mradi wao walitaka kupiga picha michoro "ya kuhuzunisha zaidi" ili waitumie kuchangisha fedha. Nilikataa, na msaada uliokuwa umetajwa haukuja. Sijutii, ingawa krayoni zilituishia mwezi huo.

Ninaomba michango yenu, hasa ya wataalamu na ya wazazi.

---

Baba wa Kariobangi

Mwalimu, ninaheshimu kazi yako na ninasema haya bila dharau. Mtoto ambaye nyumba yake imebomolewa anahitaji nyumba. Mtoto aliyelala njaa anahitaji chakula. Mimi nililelewa Korogocho na hakuna aliyeniletea krayoni, na nilikua. Nahofia kwamba tunawapa watoto wa maskini karatasi ili watulie, huku kilichowaumiza kikibaki palepale.

---

Mwalimu wa Gredi ya Nne

Baba, hofu yako ni ya haki na ninaichukua kwa uzito wake. Mchoro haujengi nyumba, na atakayekuja na krayoni badala ya kulipa fidia anastahili kuulizwa. Ndiyo maana uji hutangulia. Lakini sikubali kwamba mwenye njaa hana haja ya kitu kingine.

Mwaka 1942 mchoraji aliyeitwa Friedl Dicker-Brandeis alipelekwa Terezín, katika nchi inayoitwa Cheki leo, mahali ambapo utawala wa Nazi uliwafungia Wayahudi. Kila mtu aliruhusiwa mzigo mdogo tu, naye akajaza karatasi na rangi katika sehemu kubwa ya mzigo wake. Humo ndani, pamoja na njaa na maradhi, aliwafundisha watoto kuchora kwa karibu miaka miwili, akisisitiza kwamba kila mtoto aandike jina lake kwenye mchoro wake, ilhali mahali penyewe palikuwa pamewageuza watu kuwa namba. Alipopelekwa Auschwitz mwaka 1944, ambako aliuawa, michoro yao ilifichwa katika masanduku mawili ya safari. Ipo takriban 4,500, na inahifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Kiyahudi mjini Prague. Wengi wa watoto hao hawakunusurika. Mmoja wa wanafunzi wake wa awali, Edith Kramer, ambaye alikuwa amekimbilia Marekani mwaka 1938, akaja kuwa miongoni mwa waanzilishi wa tiba ya sanaa kwa watoto.

Silinganishi mateso na mateso. Ninasema tu kwamba yule mama alijua thamani ya kila kilo ya mzigo wake, na akachagua karatasi.

Umenifanya pia niitafakari namba iliyo kwenye mafaili yangu. Mimi nilitumia namba ili kuwalinda watoto, yeye alitumia majina ili kuwapa heshima. Nitawauliza watoto wenyewe wanachokitaka, pengine jina lao liandikwe ndani na namba ibaki nje.

---

Mshauri Nasaha, Ngong Road

Ninafanya kazi na watoto na ningependa kuongeza mambo machache, kwa kuwa mwanzisha uzi ameuweka mpaka mahali panapofaa.

Ushahidi upo, ila tuutaje kwa kipimo. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Drexel kilichoko Philadelphia walipima homoni ya kotisoli, inayopanda mwili unapokuwa na msongo, kabla na baada ya dakika 45 za kufanya sanaa. Kwa takriban asilimia 75 ya washiriki homoni hiyo ilishuka, na haikujalisha kama mtu ana ujuzi wa kuchora au hana. Hata hivyo washiriki walikuwa 39 tu, tena watu wazima, kwa hiyo tusiugeuze utafiti huo kuwa ahadi kwa kila mtoto.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni mtindo wa kumwambia mtoto "chora kilichokutokea." Mtoto aliyepitia jambo la kutisha akisukumwa kulichora kabla hajajihisi salama, anaweza kurudishwa ndani ya tukio lile akabaki humo baada ya wewe kufunga mlango wa ukumbi. Anza na mada zisizo na kina kirefu: mahali ninapopenda kukaa, mti, safari ya matatu. Likija lenyewe, lipokee. Ukiona mtoto anaganda, anatetemeka, au macho yamekwenda mbali, acha mchoro, mwombe akanyage sakafu kwa nguvu, ataje vitu anavyoviona chumbani, mpe maji. Na ikiwa mtoto anazungumzia kujidhuru, au dalili zake zimedumu kwa wiki kadhaa bila kupungua, huo ndio wakati wa kumpeleka kwa mwanasaikolojia au mshauri. Tangu mwaka 2014 tuna sheria inayowataka washauri nasaha na wanasaikolojia wasajiliwe, kwa hiyo mzazi ana haki ya kuuliza kama mtu anayemhudumia mwanawe amesajiliwa.

---

Mama wa Umoja

Nimeusoma uzi huu mara mbili na mikono inatetemeka. Binti yangu ana miaka sita, yuko PP2, darasa la mwisho la chekechea. Huchora watu wasio na mikono. Katika kikundi chetu cha wazazi mtu alituma ujumbe kwamba mtoto anayechora mtu bila mikono ameguswa vibaya. Zaidi ya hapo ameanza kukojoa kitandani, jambo alilokuwa ameliacha, na asubuhi analia akikataa shule. Tangu Jumapili sijalala. Nimemuuliza maswali mengi mpaka ameacha kuongea nami.

---

Mshauri Nasaha, Ngong Road

Mama, pole sana. Nikujibu kwanza kuhusu mikono. Watoto wa miaka mitatu au minne huchora kichwa chenye miguu, bila kiwiliwili, karibu popote duniani. Kiwiliwili, mikono na vidole huja polepole, na kwa mtoto wa miaka sita kuisahau mikono bado hutokea. Hakuna alama moja ya mchoro inayothibitisha kwamba mtoto amedhulumiwa. Ujumbe huo umewatisha wazazi wengi bila sababu.

Lakini kukojoa kitandani kulikoanza upya na kuikataa shule kunastahili kuangaliwa. Acha maswali kwa siku mbili. Mtoto akiulizwa sana hudhani amekosea, au huanza kutoa jibu analodhani unalitaka. Mpeleke kituo cha afya pia apimwe mkojo, maana wakati mwingine ni maambukizi tu. Na kama atakuambia kwamba kuna mtu aliyemdhulumu, usimhoji zaidi. Mwambie umemwamini na kwamba hana kosa, usimwogeshe wala usifue nguo zake, umfikishe hospitalini upesi iwezekanavyo, kwa kuwa baadhi ya dawa za kinga hufanya kazi zikitolewa ndani ya saa 72. Simu ya watoto ni 116, haina malipo.

---

Mwalimu wa Gredi ya Nne

Mama, niongeze jambo moja dogo. Leo jioni, baada ya chakula, weka karatasi mbili mezani, yako na yake. Chora na wewe, hata kama hujui. Usimtazame sana. Mwambie tu, "Tuchore siku ya shule," kisha uchore siku yako ya shule ulipokuwa mdogo. Akitaka kuchora kuku, mwache achore kuku.

---

Mama wa Umoja

Ninarudi baada ya siku tatu.

Siku ya kwanza alichora paka. Siku ya pili alichora paka tena, na basi la shule. Nilitaka sana kuuliza, nikanyamaza kama mlivyoniambia. Jana nilichora darasa letu la zamani kule Machakos, pamoja na mti tuliokuwa tukikalia chini yake, naye akawa ananitazama. Kisha akachora mstatili mrefu, akaujaza rangi ya kahawia kuanzia juu hadi chini, na pembeni akaweka duara dogo. Nikasema, "Naona umepaka kahawia kote." Akasema, "Ni mlango wa choo." Nikanyamaza. Akaweka kidole kwenye lile duara akasema, "Hapa hakuna kufuli. Wakubwa wanasukuma."

Basi ndiyo hiyo. Mlango wa choo cha shule hauna komeo, wasichana na wavulana wakubwa wanausukuma wadogo wakiwa ndani na kucheka, na yeye ameamua kujizuia tangu asubuhi hadi basi linapomrudisha saa tisa unusu. Kituo cha afya walimpima leo, ana maambukizi ya mkojo, amepewa dawa, na daktari amesema mtoto anayejizuia kutwa nzima anaweza kuanza kukojoa usiku. Nimelia kwa shukrani na kwa hasira pamoja. Jumatatu ninakwenda kumwona mwalimu mkuu, na nimefikiria kubeba mchoro ili aone kwa macho yake.

---

Mwalimu wa Gredi ya Nne

Mama, nimefurahi mno. Nenda, na uombe komeo liwekwe wiki hiyohiyo, na mwalimu asimame karibu na vyoo wakati wa mapumziko. Kuhusu mchoro, muulize binti yako kwanza.

---

Baba wa Kariobangi

Mama, mimi ni fundi wa mbao. Shule ikisema haina fedha za komeo, niandikie ujumbe wa faragha. Nitakuja nalo.

---

Mama wa Umoja

Asante sana, Baba. Nitakuandikia.

Mwalimu, nimemuuliza. Amesema niende, lakini mchoro ubaki nyumbani.